Jina Bila Makao ni Nusu ya Elimu

Mwanafunzi wangu mmoja, wakati huo akiwa kidato cha pili, aliniletea chupa ya dawa iliyokwisha, kifuniko chake kimetobolewa matundu matatu kwa sindano. Ndani yake mlikuwa na mdudu mrefu kiasi cha pingili mbili za kidole, mwenye miguu ya miiba na masharubu meupe usoni. Miguu hiyo ilikuwa bado imemkumbatia nyuki aliyekwisha kufa.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyu ni nzi gani?"

Kengele ilikuwa imekwisha kulia, na darasa jingine lilikuwa likinisubiri. Nilimwambia ni nzi mwindaji, na kwamba nitamtafutia jina. Nikamchoma pini, nikamweka katika sanduku la chaki juu ya kabati, kisha nikamsahau. Sikuandika mahali alipokamatwa. Sikuandika siku wala mwezi. Sikumwuliza binti huyo alimkuta amekaa juu ya nini. Nakiri kosa hili hadharani kwa kuwa ndilo lililonifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya kufundisha sayansi haikunifunza, na kwa kuwa nashuku kwamba mimi si mwalimu wa pekee mwenye sanduku la namna hiyo juu ya kabati.

Yapata mwaka mmoja baadaye nililikumbuka deni langu. Niliazima lenzi, nikapiga picha, nikaipeleka kwa mtaalamu mmoja wa nzi. Jibu lake lilikuja upesi, lakini halikuwa na jina. Lilikuwa na maswali manne: Wapi? Lini? Juu ya mmea gani au udongo wa namna gani? Alikuwa akifanya nini? Nililitazama sanduku la chaki, nikatahayari. Katika maswali yote manne, niliweza kujibu la mwisho tu, na hilo pia kwa sababu maiti ya nyuki ilikuwa bado ipo.

Nikamwita yule binti. Alikumbuka vizuri kuniliko mimi. "Ni kule nyuma ya Mambrui, Mwalimu, penye nyasi, kabla hujafika matuta ya mchanga. Nilikuwa nikipita na mbuzi wa bibi." Basi siku ya Jumamosi tukafuatana, mimi, yeye na wenzake wanane, tukavuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini. Tulipofika alisimama, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyepotea nyumbani kwao. Uwanda ulikuwa umekwanguliwa. Nyasi zilikuwa zimekusanywa mafungu mafungu na kuchomwa, na mawe ya mipaka yenye nambari nyekundu yalikuwa yamechomoza ardhini kwa safu. Kando ya njia palikuwa na ubao unaotangaza viwanja. Ubao huo uliieleza ardhi ile kwa maneno mawili: ardhi tupu.

Mpenzi msomaji, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Bahati nzuri, tingatinga lilikuwa limeacha ukanda mwembamba wa nyasi, upana wake kama wa uwanja wa kandanda, katikati ya mawe ya mwisho na matuta. Mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha punde, na jua la saa sita lilikuwa kali. Tukaketi. Haikupita robo saa, mmoja wa vijana akanong'ona, "Yule pale!" Juu ya bua kavu alikuwa ametua mdudu wetu, kichwa kikigeukageuka kufuata kila kilichopita angani. Ghafla akaruka, akakamata kitu hewani kwa miguu, akarudi karibu na bua lilelile. Yote yalitukia kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuyasimulia. Kijana akasema, "Mwalimu, huyu si nzi, huyu ni mwewe." Tangu siku hiyo tukamwita nzi mwewe, nami nitaendelea kumwita hivyo. Waingereza humwita mnyang'anyi. Sioni haki katika jina hilo, kwa maana mnyang'anyi huchukua mali ya mwenziwe, ilhali huyu hula jasho lake. Mwewe tunamfahamu sote tuliolelewa penye vifaranga: hunyakua, lakini huwinda.

Sasa, ilikuwaje tukajua yeye ni nani? Hili ni somo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifundisha kwa lenzi ya bei nafuu. Jambo la kwanza ni mbawa. Nyuki na nyigu wana mbawa nne. Nzi wana mbili, na mahali pa zile mbili nyingine pana vijiti viwili vyenye vichwa kama pini, ambavyo humsaidia nzi kushika mizani akiwa angani. Mdudu wetu alikuwa na mbawa mbili na vijiti viwili. Kwa hiyo ni nzi, hata kama ukali wake umefanana na wa nyigu. Jambo la pili ni kichwa. Ukimtazama kutoka mbele, utosi wake umebonyea katikati ya macho mawili makubwa, mfano wa bonde katikati ya vilima viwili, na ndani ya bonde hilo mna vijicho vitatu vidogo. Jambo la tatu ni masharubu, yaani kishungi cha nywele ngumu juu ya mdomo, ambacho hudhaniwa humkinga uso dhidi ya windo linalofurukuta. Mwenye bonde hilo, masharubu hayo, mdomo mgumu wa kuchoma na miguu ya miiba, ni wa familia ya Asilidae. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 7,000 zilizokwisha kupewa majina duniani, na zaidi ya 1,500 kati yake ni za Afrika kusini mwa Sahara.

Mdomo huo ndio silaha yake. Akishamkamata mdudu, humchoma na kumtia mate yenye sumu ya kulemaza pamoja na viyeyushi. Baada ya muda nyama za windo huwa kama uji, naye huzifyonza na kuliacha ganda tupu. Hana haja na damu ya mtu wala ya ng'ombe. Humdunga tu anayemshika vibaya, na hapo kosa si lake.

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi. Upo msaada mkubwa siku hizi ambao walimu wetu hawakuwa nao: kitabu cha nzi wa Afrika kilichochapishwa Afrika Kusini, ambacho juzuu yake ya pili, ya mwaka 2017, ina ufunguo wa jenasi za familia hii, na chaweza kusomwa bure kwenye intaneti. Tulifuata ufunguo huo hatua kwa hatua. Ukatuelekeza kwenye mishipa ya ubawa. Karibu na ncha ya ubawa mna safu ya vyumba vidogo vilivyotengwa na mishipa hiyo. Katika safu hiyo nzi mwewe wengi wana vyumba viwili, bali wetu alikuwa na vitatu. Alama hiyo, pamoja na nyinginezo za papasi na mwili, ikatufikisha kwenye jenasi iitwayo Promachus. Neno hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mpiganaji wa safu ya mbele. Wanafunzi walishangilia kama kwamba timu yao imefunga bao.

Lakini jenasi ni ukoo, si mtu. Promachus wa Afrika ni wengi, na kutenganisha spishi moja na nyingine aghalabu hakuwezekani kwa picha. Huhitaji dume aliyehifadhiwa vyema, hadubini ya kuchunguza viungo vyake vya uzazi vilivyoko nchani mwa tumbo, na kielelezo cha asili cha kumlinganisha naye. Vielelezo vingi vya asili vya wadudu wa Afrika Mashariki vimelala katika makumbusho ya London, Paris na Berlin, maana waliokuwa wa kwanza kuviokota ndio waliokuwa wa kwanza kuvisafirisha. Mnamo mwaka 1911 na 1912, kwa mfano, Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walizunguka Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, na mkusanyo wao ukaishia Paris. Pamoja na hayo, tuwape haki yao: kila mdudu walimfungia kibandiko chenye jina la mahali na wakati. Kwa ajili ya kibandiko hicho, mtafiti wa leo aweza kurudi mahali palepale na kuuliza kama mdudu yule bado yupo. Sanduku langu la chaki halikuweza kuulizwa swali hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtaalamu aliniuliza "wapi" kabla ya kuniambia "nani". Makao ya mdudu ni sehemu ya maana ya jina lake.

Tazama maisha ya nzi mwewe huyu. Binti yule aliona juu ya shina la nyasi kidonge cheupe kama tone la chokaa. Nusura akibandue, nikamzuia. Majike wa jenasi hii hutaga mayai yao kwenye mashina na majani, kisha huyafunika kwa utando mweupe wa namna hiyo ili kuyakinga. Mabuu wakianguliwa huanguka chini, hujichimbia udongoni, na huko huishi gizani kwa muda mrefu kuliko watakaoishi juani, aghalabu mwaka mzima au zaidi, wakiwawinda mabuu wa wadudu wengine, wakiwamo wale wa mbawakawa ambao hula mizizi ya mimea. Yule tunayemwona akiruka kwa majuma machache baada ya mvua ni sura ya mwisho tu ya hadithi ndefu. Basi nyasi ni chumba chake cha uzazi, udongo ni shule yake, bua kavu ni kiti chake cha kuwindia, na mwangaza wa jua ndio saa yake ya kazi. Ukilima udongo huo mara moja, umeua kizazi ambacho hukukiona. Ukipanda miti mahali pale kwa nia njema ya kuhifadhi mazingira, umemfukuza vilevile, maana kivulini hawindi.

Natilia mkazo jambo la miti kwa sababu sisi wa pwani hii tumezoea kudhani kwamba mazingira ni msitu. Tunao msitu wa kujivunia. Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita mraba zipatazo 420, na una sifa ulimwenguni kwa ndege na wanyama wake adimu. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo huko Gede umewawezesha wakulima wa kandokando ya msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo, hata mwananchi akaona kwamba msitu uliosimama una thamani kuliko msitu uliokatwa. Hilo ni jambo jema. Lakini uwanda wa nyasi hauna mradi, hauna lango, hauna mlinzi, wala hauna mgeni anayelipa kiingilio. Ndege wawili wadogo wa jamii moja, wote wenye rangi ya majani makavu, wanaweza kutuonyesha tofauti hiyo. Mmoja, Anthus sokokensis, huishi msituni, na amepewa jina la Sokoke. Mwingine, Anthus melindae, huishi penye nyasi, na tangu mwaka 1882 amebeba jina la Malindi. Wa Sokoke huonyeshwa wageni kwa fahari. Wa Malindi, niliwauliza wanafunzi arobaini waliozaliwa Malindi. Hapana hata mmoja aliyewahi kumsikia. Mji una ndege wake, na watoto wa mji hawamjui.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Naongeza kwamba kulijua jina peke yake ni kama kuwasha kiberiti katika usiku huo: unaona uso, huoni njia. Historia ya pwani yetu ina mifano miwili inayothibitisha hayo.

Wa kwanza ni wa zamani. Mnamo mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle wa Uchina zawadi ya twiga. Wachina hawakuwa na jina la mnyama yule. Wakalitafuta katika visa vyao vya kale, wakampa jina la qilin, mnyama wa ngano ambaye huaminiwa hutokea panapokuwa na mfalme mwadilifu. Twiga akawa ishara ya baraka, akachorwa, akaimbiwa sifa. Utambulisho huo ulikuwa na heshima kubwa, lakini haukuwa na mbuga, wala mgunga, wala kundi. Aliyemwona twiga katika ua wa mfalme alijua mengi kuhusu mfalme na hakujua lolote kuhusu twiga.

Wa pili ni wa karibu. Yuko ndege mweusi mwenye tumbo la manjano, wa jamii ya kwera, ambaye haonekani popote duniani ila katika Kaunti ya Kilifi. Alipewa jina la kisayansi, Ploceus golandi, mwaka 1913. Kwa muda mrefu alijulikana kuwa ndege wa Arabuko-Sokoke, lakini hapana aliyejua anataga wapi. Ilikuwa mwaka 2013, miaka 100 kamili tangu apewe jina, ndipo wapenzi wa ndege wakishirikiana na wenyeji walipoyakuta makoloni ya viota vyake. Hayakuwa msituni. Yalikuwa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, katika kinamasi cha msimu kilichoota majani ya maji, mahali ambapo wakati wa kiangazi mpita njia angepaita patupu. Fikiria, msomaji: kwa karne nzima tungaliweza kuulinda msitu wote, mti kwa mti, na bado kumpoteza ndege huyo kwa kulima dimbwi lisilokuwa na jina. Na hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Miaka michache tu kabla ya viota hivyo kupatikana, palikuwa na mpango wa kugeuza sehemu kubwa ya Dakatcha kuwa shamba la mbono wa kuzalisha mafuta. Wenyeji na wahifadhi waliupinga, na mpango haukuendelea.

Neno "tupu" basi lina historia katika nchi yetu, na si historia nzuri. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya hati za ardhi ya pwani mwaka 1908, ardhi ambayo hapana aliyeidai kwa utaratibu uliowekwa ilihesabiwa kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza. Watu waliolima kwa zamu na kuhama, waliochunga, waliozika wazee wao chini ya mibuyu bila ya karatasi, walihesabiwa kama kwamba hawapo. Matokeo yake tunayaona mpaka leo katika kilio cha maskwota. Ikiwa binadamu mwenye ulimi aliweza kufutwa kwa neno hilo, mdudu atajitetea kwa nini?

Siku ile tukiwa ukandani, mzee mmoja mchungaji alitukuta. Vijana wakamwamkia, naye akaitikia na kuuliza tumepoteza nini. Tulipomwonyesha nzi mwewe alicheka. "Huyu ni wa baada ya mvua," akasema. "Ukimwona mwingi, jua nyasi ni nzuri na wadudu ni wengi. Zikikatwa au zikichomwa mapema, humwoni." Mzee huyo hakuwahi kuketi katika darasa langu. Lakini alikuwa na majibu ya maswali mawili kati ya yale manne yaliyonishinda.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba uwanda wote uzungushiwe ua kwa ajili ya nzi. Watu wanahitaji nyumba, mashamba na kazi. Mabwawa ya chumvi yaliyotandaa kutoka Gongoni kuelekea Kurawa yameajiri wazazi wa wanafunzi wangu, na mwenye kununua kiwanja nyuma ya Mambrui huenda ni mwalimu mwenzangu aliyedunduiza akiba miaka ishirini. Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali hili waziwazi: "Mwalimu, nzi na nyumba ya mama yangu, kipi bora?" Nilimjibu kwamba nyumba ya mama ni bora. Lakini nikamwambia pia kwamba swali halipaswi kuwa hilo. Swali ni kama kabla ya kugawa uwanda kuna mtu aliyeuliza ni sehemu gani ya kujengwa na ni sehemu gani ya kuachwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Nafasi hiyo haina faida kwa mtu asiyejua kilichopo. Hatuwezi kusimama mbele ya mkutano na kusema "kuna nzi fulani". Twaweza kusimama na kusema: mahali hapa, tarehe hii, katika nyasi hizi, tumeona na kuandika viumbe hawa, na hii hapa orodha.

Wala kuhifadhi nyasi si kumfukuza mchungaji. Katika nchi ya Uingereza yuko nzi mwewe mkubwa, Asilus crabroniformis, ambaye Linnaeus alimpa jina mwaka 1758. Jina lake halikumsaidia alipoanza kupungua. Walipochunguza makao yake, watafiti waliona kwamba anategemea malisho ya kale ambayo hayakulimwa, na kwamba hutaga mayai ndani ya kinyesi cha mifugo au karibu nacho, ambako pia huwinda mbawakawa. Malisho yakilimwa, hupungua. Mifugo ikiondolewa, hupungua. Na dawa za minyoo zikibaki katika kinyesi na kuua mbawakawa, hukosa chakula. Kumhifadhi kulimaanisha kumwacha ng'ombe alishe. Sidai kwamba nzi wa Mambrui ana tabia zilezile. Nadai kwamba Waingereza wasingaliyajua hayo kwa kulitazama jina katika daftari. Waliyajua kwa kupiga magoti malishoni.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Tumefundisha sehemu za mwili wa mdudu kwa mchoro wa ubaoni miaka mingi. Mwanafunzi hujua kichwa, kifua na tumbo, hupata alama zake, kisha hupita penye nyasi akaona nyasi tu. Mtaala wa umilisi unadai kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Basi tuanze na jambo dogo lisilohitaji maabara. Kila shule ichague kipande kimoja cha ardhi kilicho karibu, kisichozidi uwanja wa kandanda, nacho kiwe kitabu chake. Kila mwezi darasa lende huko kwa saa moja, na daftari, lenzi, na simu ya mwalimu kwa picha. Kila kiumbe kiandikiwe mambo manne: wapi, lini, juu ya nini, akifanya nini. Jina laweza kuja baadaye. Mambo hayo manne yasipoandikwa siku ile, hayaji tena. Waulizwe pia wazee na wachungaji, na maneno yao yaandikwe kwa lugha yao wenyewe, kwa kuwa Kigiriama, Kiorma na Kiswahili cha Malindi vina majina ya nyasi na wadudu ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Mambo yasiyotambulika yapelekwe kwa Makumbusho ya Kitaifa Nairobi, ambako wamo wataalamu wa wadudu. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1910 kwa juhudi za wapenzi wa viumbe, na wengi wao hawakuwa wanasayansi wa kuajiriwa. Walikuwa watu wenye daftari.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuambiwa kwamba jambo ni muhimu ndipo mliangalie. Yule binti hakuambiwa na mtu. Alikuwa akichunga mbuzi wa bibi yake, akaona kitu asichokijua, akauliza. Aliyefanya kosa alikuwa mwalimu wake, ambaye alidhani jibu ni jina.

Yule wa kwanza, aliyeletwa ndani ya chupa, bado yuko katika sanduku la chaki. Sikumtupa. Humwonyesha kila darasa jipya kama mfano wa kazi isiyokamilika: mwili mzima, pini nzuri, na chini yake hapana karatasi. Karibu naye nimemweka dume mmoja tu tuliyemchukua ukandani siku ile, akiwa tayari kwa safari ya Nairobi. Kibandiko chake kiliandikwa na binti yule kwa mwandiko wake mwenyewe: kaskazini mwa mto Sabaki, nyuma ya Mambrui, uwanda wa nyasi kabla ya matuta ya mchanga, baada ya mvua za mwaka, saa sita na nusu mchana, juu ya bua kavu, amekamata nyuki. Nafasi ya jina la spishi aliiacha wazi, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Kabla ya kulifunga sanduku aliniuliza kama aandike pia yale yaliyokuwa kwenye ubao wa viwanja. Nilimwambia aandike alichokiona. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari mmoja mwishoni: ardhi si tupu.